Nafsi, Lafudhi na Mahali katika Nyimbo za The Beatles

1.0 Utangulizi

Bendi ya The Beatles ya Liverpool, Uingereza, hutajwa kwa kawaida pamoja na tarakimu. Inakisiwa kwamba usiku wa tarehe 9 Februari 1964 watu milioni 73 nchini Marekani waliwatazama vijana hao wanne katika kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Tarehe 4 Aprili mwaka huohuo nafasi tano za kwanza katika orodha ya jarida la Billboard zilikuwa zao, zote tano. Tarakimu hizo zinaeleza kelele, nazo kelele za vijana hupita. Hazielezi kwa nini bendi iliyovunjika mwaka 1970 ingali ikisikilizwa na watu ambao baadhi yao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka huo.

Makala haya yanaziacha kelele kando na kuitazama lugha. Dai letu ni kwamba Beatles walianza kazi yao kwa ulimi wa kuazima, na kwamba katika muda usiozidi miaka mitano walikuwa wamekwisha kurudi kwenye ulimi wao na mitaa yao bila kupoteza wasikilizaji. Jambo hilo, kwa maoni yetu, ndilo lililowaachia waliofuata urithi mkubwa kuliko mitindo ya nywele, na pengine kuliko hata mapigo ya gitaa.

Wako wenzetu watakaouliza kisa gani kimeuleta muziki wa roki katika jarida la idara ya Kiswahili. Mwandishi wa makala haya amezitumia nyimbo hizi darasani kwa miaka kadhaa, katika somo la fonetiki na katika isimujamii, naye amegundua kwamba mwanafunzi huiona sarufi ya Kiswahili vizuri zaidi anapoitazama kupitia dirisha la jirani. Isitoshe, dhana kwamba wimbo wa mtaani hauna lugha ya kuchunguzwa ni dhana ambayo sisi wa Kiswahili, ambao ushairi wetu wote umekulia katika kuimbwa, hatupaswi kuwa watu wa kuieneza.

Historia ya bendi yenyewe inafahamika, nasi tutaipitia haraka. John Lennon na Paul McCartney walikutana tarehe 6 Julai 1957 katika sherehe ya kanisa la Mtakatifu Petro, kitongoji cha Woolton. George Harrison alijiunga nao baadaye kidogo. Walifanya kazi ya usiku katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, kati ya mwaka 1960 na 1962. Ringo Starr akaja kupiga ngoma Agosti 1962, na santuri yao ya kwanza, Love Me Do, ikatoka tarehe 5 Oktoba mwaka huo.

2.0 Nafsi katika nyimbo za mwanzo

Msomaji akiyapanga majina ya nyimbo za mwaka 1962 na 1963 atakutana na jambo ambalo haliwezi kuwa la bahati: Love Me Do, P.S. I Love You, Please Please Me, From Me to You, She Loves You, I Want to Hold Your Hand. Karibu kila jina lina kiwakilishi cha nafsi, na mengine yana viwili. McCartney mwenyewe amekwisha kueleza mara nyingi kwamba walifanya hivyo kwa makusudi, ili msikilizaji ajisikie kuwa anaambiwa yeye.

Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu ya kasoro moja ya Kiingereza, ikiwa kweli ni kasoro. Kiwakilishi cha nafsi ya pili katika Kiingereza cha leo hakitofautishi umoja na wingi. Mwimbaji anaposema na mpenzi mmoja, na anaposema na uwanja wenye watu elfu ishirini, neno ni lilelile. Kila msichana uwanjani angeweza kulichukua neno hilo kuwa lake peke yake. Kiswahili hakimwachii mtunzi mwanya huo. Ni lazima achague kati ya nakupenda na nawapenda, na akisema nawapenda atakuwa amehutubia mkutano. Akisema nakupenda, kila mmoja anaweza kujidhania, lakini wote wanajua kwamba mtunzi ameshachagua mtu mmoja. Katika Kiingereza uchaguzi wenyewe hauonekani.

Kwa upande mwingine, kuna mahali ambapo sisi tungekuwa na mwanya wasiokuwa nao wao. Tukilitafsiri jina la She Loves You tunapata anakupenda, neno moja tu, lenye nafsi mbili ndani yake na lisilosema kama apendaye ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kimelazimika kusema kwamba ni mwanamke.

Wimbo huo wa Agosti 1963 unastahili kutazamwa zaidi ya jina lake. Nyimbo za mapenzi za wakati ule zilikuwa na nafsi mbili: mimi na wewe. Hapa mwimbaji si apendaye wala apendwaye. Amekutana na msichana, amepewa ujumbe, na sasa anamfikishia rafiki yake, tena anamshauri aombe radhi. Kwa lugha yetu huyu ni mshenga. Kwa kumwingiza mshenga, wimbo unazikutanisha nafsi zote tatu katika mazungumzo mamoja, na ghafla mapenzi yanakuwa na watu walioyazunguka, kama yalivyo katika maisha. Lennon alikuwa na umri wa miaka 22 na McCartney miaka 21. Tunaona hapa dalili ya kwanza kwamba watunzi hawa walikuwa wanasikiliza jinsi watu wanavyosema, mbali na jinsi nyimbo zinavyoimbwa.

Wimbo huohuo una kisa kidogo ambacho mwandishi hupenda kuwasimulia wanafunzi wake. Kiitikio kinategemea neno la kukubali, lakini katika umbo lake la mtaani lililotoka Marekani. Baba yake McCartney alipousikia aliona wameliharibu Kiingereza, akawashauri watumie neno sanifu. Ni sawasawa na mzee wa kwetu amtakaye mwanawe aseme naam badala ya ee. Vijana hawakukubali. Mzee alikuwa sahihi kuhusu rejista, naye alikosea kuhusu wimbo.

3.0 Sauti /r/ na ulimi wa kuazima

Sasa tuje kwenye matamshi, ambako ushahidi ni mwingi zaidi. Katika Kiingereza cha sehemu kubwa ya Uingereza, pamoja na Liverpool, /r/ haitamkwi isipofuatwa na irabu. Katika Kiingereza cha Wamarekani walio wengi hutamkwa. Sisi tunaosema Kiswahili tuna ushahidi wa tofauti hiyo vinywani mwetu kila siku. Maneno tuliyoyapata kutoka Kiingereza kwa njia ya Waingereza hayana /r/ hiyo: kadi, baa, kona, fomu, nesi, shati. Pale /r/ ilipofuatwa na irabu tumeipokea bila taabu, kama katika redio na karoti. Wala asiseme mtu kwamba Kiswahili hakiwezi kuweka /r/ mbele ya konsonanti. Tunasema ardhi, tunasema karne. Mfano ulio bora kuliko yote ni jozi ya sharti na shati: la kwanza limetoka Kiarabu likaja na /r/ yake, la pili limetoka Kiingereza likaja bila /r/, kwa kuwa waliotufundisha hawakuitamka. Lau pwani yetu ingetawaliwa na watu wa Texas, huenda leo tungeyavaa yaleyale kwa jina jingine.

Basi kijana wa Liverpool aliyezaliwa mwaka 1940 au 1942 hakuwa na /r/ hiyo katika usemi wake. Hata hivyo, katika santuri za mwanzo za Beatles inasikika mara nyingi. Mwanaisimu Peter Trudgill alilichunguza jambo hili katika sura moja ya kitabu chake On Dialect cha mwaka 1983. Alihesabu katika nyimbo za waimbaji wa Uingereza mahali ambapo /r/ ingeweza kutamkwa, kisha akahesabu mahali ilipotamkwa kweli. Kwa Beatles aliona mteremko: /r/ nyingi mwaka 1963, kisha zikapungua, na mwishoni mwa muongo zilikuwa zimebaki chache mno. Maelezo yake ni kwamba waimbaji wa Uingereza walikuwa wakiwaiga Wamarekani kwa kuwa muziki huo ulikuwa mali ya Wamarekani. Baada ya mwaka 1964, Wamarekani wenyewe walipoanza kuwaiga Waingereza, sababu ya kuiga ilidhoofika.

Anayeiga lugha asiyoijua vizuri huzidisha. Katika Till There Was You, wimbo wa mtu mwingine waliourekodi mwaka 1963, McCartney anaweka /r/ mwishoni mwa neno saw, mahali ambapo hakuna Mmarekani angeiweka na ambapo hata maandishi hayana herufi hiyo. Ni kosa linalofanana na la mtu wa bara anayetaka kusema kama mtu wa pwani akatia dh katika kila neno lenye z. Mwanafunzi akilisikia kosa hilo mara moja halisahau, naye huelewa maana ya usahihishaji wa kupita kiasi kuliko kwa ufafanuzi wowote wa kitabuni.

Hapa pana kinaya ambacho Trudgill alikigusa na ambacho kinastahili uzito. Waliokuwa wakiigwa hasa walikuwa Wamarekani weusi na watu wa kusini mwa Marekani, ambao wengi wao nao hawakuitamka /r/ hiyo. Kwa hiyo vijana wa Liverpool walikuwa wakiiga picha ya jumla ya Umarekani, mchanganyiko wa sauti ambao hakuna mtu mmoja aliyekuwa akiusema.

Tukitaja kuiga, haki inatutaka tutaje deni. Santuri yao kubwa ya kwanza, Please Please Me ya Machi 1963, ina nyimbo 14, nazo 10 kati yake zilirekodiwa siku moja, tarehe 11 Februari. Sita si tungo zao, na tano katika hizo sita walijifunza kutoka santuri za waimbaji weusi wa Marekani. Mmoja ni Anna, utungo wa Arthur Alexander wa Alabama. Alexander aliishia kuacha muziki na kuendesha basi mjini Cleveland kwa miaka mingi. Alirudi jukwaani mwaka 1993 akafariki mwaka huohuo. Hata msemo uliolipa jina lake wimbo Ob-La-Di, Ob-La-Da wa mwaka 1968 ulitoka kinywani mwa Jimmy Scott, mpiga ngoma wa Kinijeria aliyekuwa akiishi London. Beatles hawakuficha walikochota. Waliwataja Chuck Berry na Little Richard popote walipoulizwa, na Septemba 1964 walikataa kupiga muziki mjini Jacksonville, Florida, mbele ya hadhira iliyotenganishwa kwa rangi, mpaka wakahakikishiwa kwamba haitatenganishwa. Hayo yawekwe upande wao wa mizani. Lakini aliyeimba kwa sauti ya wenzake akatajirika, kisha akawa na nafasi ya kuirudia sauti yake mwenyewe, alikuwa na bahati ambayo wenye sauti ile hawakuipata. Mhakiki anayesifu kurudi kwa Beatles nyumbani bila kulisema hili anasifu nusu ya habari.

4.0 Mahali

Mabadiliko ya matamshi yalikwenda sambamba na mabadiliko ya kinachosemwa. Tarehe 5 Agosti 1966 ilitoka Eleanor Rigby. Wimbo huu hauna mimi wala wewe. Una watu wawili wa nafsi ya tatu, mwanamke mpweke na kasisi ambaye hakuna anayeyasikiliza mahubiri yake, nao wanakutanishwa na mazishi tu. Hakuna hata mmoja wa Beatles anayepiga ala yoyote. Zinasikika fidla nne, viola mbili na selo mbili, zilizopangwa na mtayarishaji wao George Martin. Unachukua dakika mbili na sekunde chache. Ukilinganishwa na nyimbo za miaka mitatu nyuma, watunzi wameondoa vile viwakilishi vyote ambavyo mafanikio yao yalijengwa juu yake, na bado umma ukaununua hadi ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Kwenye makaburi ya kanisa lilelile la Woolton kuna jiwe lenye jina Eleanor Rigby. McCartney amesema hakulichukua hapo kwa kujua. Sisi hatuna haja ya kuamua.

Februari 1967 zikafuata nyimbo mbili katika santuri moja: Penny Lane na Strawberry Fields Forever. La kwanza ni jina la mtaa wa Liverpool, la pili limetokana na jina la makao ya watoto yaliyoendeshwa na Jeshi la Wokovu karibu na nyumba aliyolelewa Lennon. Kabla ya hapo, ramani ya muziki wa roki ilikuwa ya Marekani: Memphis, New Orleans, barabara kuu za kwenda California. Sasa kinyozi, mtu wa benki, mzimamoto na nesi wa mtaa mmoja wa mji wa bandari wa Uingereza waliimbwa kwa majina ya kazi zao, nao wasikilizaji wa Tokyo na Chicago hawakuhitaji kuelezwa mtaa uko wapi. Ni vigumu kumweka kinyozi wa Liverpool katika ubeti halafu ukamtamka kwa /r/ ya Marekani. Mada na lafudhi zilivutana.

Miezi michache baadaye, maneno yote ya nyimbo za Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band yalichapwa nyuma ya jalada la santuri, jambo lililokuwa geni katika muziki huo. Kwa mwanaisimu hili si dogo. Matini iliyokuwa ya kusikika tu ikawa ya kusomeka, na msikilizaji akapewa idhini ya kuihoji kama anavyohoji shairi. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuacha kupiga muziki hadharani. Onyesho lao la mwisho la tiketi lilikuwa San Francisco tarehe 29 Agosti 1966. Bila mayowe ya uwanjani, maneno yalisikika.

Isidhaniwe kwamba lafudhi ya Liverpool ilishika nafasi yote. Trudgill alionyesha kwamba baadhi ya alama za Kimarekani zilibaki, kama vile /t/ ya katikati ya irabu inayokaribia /d/. Waliporudi nyumbani walirudi na mizigo waliyoipata safarini, kama wasafiri wote.

5.0 Waliofuata

Athari iliyo dhahiri kuliko zote ni kwamba bendi ijitungie nyimbo zake. Kabla yao, kwa kawaida mtunzi alikuwa ofisini na mwimbaji studioni. A Hard Day's Night ya Julai 1964 ilikuwa na nyimbo 13, zote za Lennon na McCartney, na tangu hapo bendi isiyotunga ikaanza kuonekana pungufu. Hili limeandikwa sana, hatutaliongeza.

Lililoandikwa kidogo ni la ulimi. Mwezi Mei 1967 Ray Davies wa The Kinks alitoa Waterloo Sunset, wimbo kuhusu kituo cha treni cha London. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bendi za panki zikaleta matamshi ya tabaka la wafanyakazi wa kusini mwa Uingereza, nayo Trudgill aliyaona kuwa hatua nyingine ya mvutano huohuo. Mwaka 2006 Arctic Monkeys wa Sheffield walitoa albamu yao ya kwanza wakiimba kwa msamiati na lafudhi ya mji wao, na mwanaisimu Joan Beal, katika uchunguzi wake wa mwaka 2009, alionyesha kwamba lafudhi hiyo iliwatambulisha kwa wasikilizaji kuwa watu wasiotaka kuigiza.

Hata hivyo kuna utafiti unaotuzuia tusifurahi mapema. Andy Gibson, aliyechunguza waimbaji wa New Zealand mwaka 2010, aliona kwamba waimbaji hao waliimba kwa irabu za Kimarekani hata pale ambapo hawakukusudia kumwiga yeyote. Kwa muziki wa namna hii, matamshi ya Kimarekani ndiyo yanayokuja yenyewe. Anayetaka kuimba kama anavyosema ndiye anayepaswa kujitahidi. Ikiwa ni hivyo, basi tulikosea tuliposema kwa wepesi kwamba Beatles walirudi kwenye sauti yao ya asili, kana kwamba sauti hiyo ilikuwa ikiwangoja. Mteremko ule wa /r/ ulikuwa kazi, iliyofanywa neno kwa neno, na watu waliokuwa tayari wamepata utajiri kwa kuimba kwa namna nyingine na wasiokuwa na sababu ya kibiashara ya kujisumbua.

Tarehe 2 Novemba 2023 ulitoka wimbo Now and Then, uliotangazwa kuwa wa mwisho wa Beatles. Sauti ya Lennon, aliyeuawa New York tarehe 8 Desemba 1980, ilitolewa katika kaseti aliyojirekodia nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1970, na kompyuta iliyofunzwa kutambua sauti ikaitenga na piano iliyokuwa imeifunika. Magazeti yalijadili kama ni halali kuitumia mashine namna hiyo. Darasani kwetu mjadala ulikuwa mwingine. Hapa palikuwa na mtu wa Liverpool, aliyeishi Marekani kwa miaka kadhaa, akiimba peke yake bila hadhira na bila mtayarishaji. Wanafunzi waligawana mistari, wakavaa visikilizi, wakaanza kuhesabu /r/.